Nitunzie gemu siku 14

Sakina, Arusha

Rehema mwenzangu,

Habari za huko Unguja? Ile "mimi mzima, hofu na mashaka ni kwako" tuiruke, maana nimekutana na mama yako soko la Kilombero na taarifa zote ninazo: unakula vizuri, ngozi imetakata, na shemeji bado hajaleta barua. Huku ni Julai, unajua mwenyewe. Mlima umejifunika, ndege za asubuhi pale uwanja wa Kisongo zinasubiri wingu lipande, na mimi napiga kazi nimejitanda shuka la Kimasai mpaka kichwani.

Nimekaa kimya weee, halafu naibuka na ombi. Najua, tabia za Ombeni hizo. Nisikilize tu.

Ile gemu yetu ya kuongoza ndege imefika mahali pa kutoka. Akaunti ya Google Play tumefungua, dola 25 za mara moja tumelipa. Sasa akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya katikati ya Novemba 2023 zina sharti: kabla gemu haijawekwa hadharani, wapatikane watu 12 wa kuijaribu, na wasijitoe siku 14 mfululizo. Mwanzo walikuwa wanataka 20, wakapunguza mwisho wa 2024. Utasema 12 ni kitu gani, kamati ya harusi ya Glory peke yake ilijaza ukumbi. Haya, watafute! Wenye iPhone hawahesabiki, kwa hiyo binamu zako wa Njiro wote nje. Mama Glory alijiunga kwa mbwembwe, kesho yake kafuta kila kitu apate nafasi ya video za sendoff. Kwa hiyo ombi la kwanza ni simu yako: nitumie anwani yako ya Gmail, nikuingize, ucheze hata ukiwa chooni, na usijitoe.

Ombi la pili ndilo linaloninyima usingizi. Ni pundamilia.

Ngoja nianze mbali kidogo. Gemu yenyewe ni nyepesi: ndege zinaingia kutoka pembeni mwa kioo, unaivuta kila moja kwa kidole mpaka kwenye njia ya kutua, zisikaribiane. Wazo hatukulianzisha sisi. Mwaka 2009 studio ya Melbourne, Firemint, ilitoa Flight Control kwenye iPhone, ikauza nakala zaidi ya milioni moja kwa senti 99 za dola. Mwaka 2011 wakanunuliwa na Electronic Arts, na 2015 gemu ikaondolewa dukani. Ima, mwenzangu wa kutengeneza gemu, anaihubiri hadithi hii kila tukikosa hela ya bando, na huwa anaishia pale kwenye kununuliwa. Mimi naishia kwenye kuondolewa.

Hatua ya kwanza ni Kisongo, njia 09 na 27. Upepo wetu unatoka mashariki, basi ndege nyingi zinatua 09, yaani zikielekea nyuzi 90. Hatua ya pili ni KIA, uwanja wa Kilimanjaro, na pale tumeweka lile dude la jioni kutoka Amsterdam. Likitua, Cessna Caravan iliyo nyuma yake lazima isubiri, kwa sababu mabawa ya ndege kubwa yanaacha hewa inayozunguka nyuma ambayo inaweza kuipindua ndogo. Waongoza ndege wa kweli wanaacha dakika 3. Sisi tumeweka sekunde chache, nani atasubiri dakika 3 kwenye simu? Na umbali nao hivyo hivyo. Kwa rada wanatenganisha ndege maili 3 au 5 za baharini, au futi 1,000 juu na chini. Tungefuata vipimo hivyo, kioo kizima kingekuwa na ndege tatu na wewe unapiga miayo. Kwa hiyo kila ndege tumeichorea duara. Maduara yakigusana yanawaka mekundu, king'ora kinalia, pointi zinaporomoka.

Ima anataka mlipuko. Moto, vipande, mtetemo wa simu. Nimekataa kabisa. Mji huu umejaa wake wa marubani. Halafu mnarani ndege hazisubiriwi zigongane ndipo iitwe tukio; zikisogeleana tu chini ya kipimo, tayari kuna ripoti ya kuandika. Gemu yote iko hapo hapo kwenye kusogeleana. Amenuna, lakini king'ora kakitengeneza mwenyewe na ni kizuri kupita kiasi, paka wa jirani hakanyagi tena huku.

Sasa hatua ya tatu: Seronera, kule Serengeti. Hii ni yako wewe, wala usikatae. Unakumbuka ulivyotusimulia, uwanja wa changarawe, ndege inakaribia, na dereva inabidi apite na Land Cruiser kuwafukuza wanyama njiani? Nikakwambia siku ile ile, hii ni gemu. Basi nimeichora. Pundamilia wanajisogeza kwenye njia taratibu, unazizungusha ndege angani, na kidole kingine kinaituma gari.

Ima akaniuliza swali moja tu: "Kidole kingine kipi?" Gemu yetu ni ya mtu aliyesimama kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba, ana dole gumba moja la kuchezea. Nilikosa jibu. Tukaanza kubishana kuifuta hatua nzima, yeye anataka tuweke matangazo ya zawadi (mchezaji akitazama tangazo anapewa kitu ndani ya gemu) tufike haraka zile dola 100 ambazo chini yake Google hawakulipi. (Hizo dola ameshazipangia matumizi, usiniulize.)

Wakati tunabishana, mdogo wangu Neema kachukua simu. Hatukumwelekeza kitu. Gari hata hakuiona. Kaiacha Caravan inazunguka, kamgusa pundamilia mwenyewe kwa ncha ya kidole, mara mbili, "shii, shii", kama anafukuza kuku kwenye mahindi ya kuanika. Pundamilia hakutikisika, maana hatukuwa tumemwandikia hivyo. Neema akamgusa tena kwa hasira, akaninyooshea simu: "Yako mbovu."

Basi gari nimeitoa. Unamgusa mnyama, anakimbia. Lakini anakimbiaje? Hapo ndipo nimekwama, na Arusha nzima sina wa kumuuliza, madereva wenzako wote wako porini na wageni. Sasa hivi nimewaandikia watawanyike kila mtu na njia yake, na kitu fulani kinaniambia pundamilia hawako hivyo, wanaonekana kama… sijui, kama mbuzi wa Ngaramtoni.

Kwa hiyo niambie: ukimfukuza mmoja, kundi linamfuata au linabaki linashangaa? Wanakata pembeni au wanakimbia kwa kunyoosha na njia, mbele ya gari? Wanarudi baada ya muda gani? Nyumbu wana tabia hiyo hiyo au ni wabishi zaidi? Mlio wa injini unawasogeza wenyewe? Rubani anapita chini kwanza kuchungulia, au mnampa ishara, na ishara yenyewe ni ipi? Na twiga aliwahi kuingia, au ile ulituongopea?

Jibu kabla ya Jumapili, Ima ametishia kuipeleka gemu bila Seronera. Anwani ya Gmail usisahau. Una simu ya Android bado, au Zanzibar imeshakubadilisha? Shemeji yeye anatumia nini? Anaweza kukaa siku 14 bila kufuta kitu? Hiyo nayo ingekuwa taarifa kwetu sote.

Wako,
Upendo