Yule dada wa Mbozi hajapona

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lenu tangu nikiwa mwalimu mpya na sijawahi kuwaandikia. Lakini ile habari ya yule dada wa Mbozi imeninyima usingizi. Mliandika kwamba ana ugonjwa wa ajabu usiojulikana, kope zinaanguka na kufunika macho, ulimi unakuwa mzito; kisha akaombewa usiku, akaamka mzima na kutupa vidonge. Na picha mkaweka, macho yameng'aa.

Picha ilipigwa asubuhi. Asubuhi sisi sote tunang'aa! Ugonjwa huo una jina, mayastenia gravisi, nami ninao mwaka wa 11 sasa. Kinga ya mwili inashambulia pale mshipa wa fahamu unapokabidhi ujumbe kwa msuli. Msuli ukitumika unachoka, ukipumzika nguvu zinarudi, ndiyo maana mtu huamka vizuri na jioni akashindwa kutafuna. Mimi ni muumini, naomba kila siku, na vidonge nameza. Wala si ugonjwa usiojulikana. Mary Walker, daktari wa Greenwich, London, alionyesha mwaka 1934 kwamba sindano ya dawa iliyo ndugu wa vidonge vyetu inainua kope iliyoanguka. Mgonjwa akiacha dawa, hata misuli ya kupumua inaweza kulegea. Mlipochapisha kwamba ametupa vidonge, mliuliza daktari yeyote?

Miaka mitatu ya mwanzo sikuwa na jina la kinachonisumbua. Nilinunua miwani mbili. Darasani, kufika kipindi cha nne, sauti ilikuwa inatokea puani, watoto wananitazama. Jioni moja nilipanda Coaster Makambako kurudi Njombe, nimesimama mwendo mrefu, kope ya kushoto imeshuka. Konda akaniuliza nashukia wapi, ulimi ukakataa. Ulikuwa msimu wa ulanzi. Akatangaza kwa abiria wote kwamba mama huyu kalewa, asije akatapika kwenye gari, akanishusha gizani kabla ya kituo changu. Watu walicheka. Kijana mmoja niliyemfundisha kusoma, aliyekuwa akiniamkia shikamoo mwalimu kila tukikutana, akageukia dirishani. Nilitembea huku nimeshikilia kope kwa kidole nione njia. Sijamsimulia mtu habari hiyo hadi leo, hata mume wangu, maana ningeanzaje kumweleza kitu ambacho mimi mwenyewe sikijui?

Aliyeniokoa na upweke huo ni mzee mmoja wa Ludewa. Tulikutana kwenye foleni ya dirisha la dawa. Alikuwa ameinua kidevu juu ili aone chini ya kope zake, kama ninavyofanya mimi, nikamjua kabla hajataja dawa. Yeye ndiye aliyenifundisha kumeza kidonge kama nusu saa kabla ya ugali, na kula mlo mzito mchana, si usiku. Ndiye aliyeniambia kwamba nikiugua malaria au nikipata kidonda nitamke ugonjwa wangu kabla ya sindano, kwa sababu kwinini na jentamaisini zinaweza kutulegeza zaidi. Leo tuko wanne, pamoja na binti wa Mafinga na kijana wa bodaboda wa Makambako. Mmoja akikosa dawa, mwenzake anamgawia za siku chache.

Na hilo dirisha lenyewe, Mhariri, halina benchi. Wagonjwa ambao miguu inaisha nguvu kwa kusimama wanasimamishwa saa mbili, mwishowe wanaambiwa dawa zimekwisha, wakajaribu duka la nje. Nani alipanga hivyo?

Ninachotaka ni kidogo. Kila hospitali ya mkoa, kuanzia Njombe, Iringa na Mbeya, iweke benchi moja hapo, na daftari moja la kurasa 200 kwa mfamasia. Mgonjwa wa ugonjwa adimu akipenda aandike namba yake ya simu, anayefuata mwenye ugonjwa huo aonyeshwe.

Nanyi mrudini Mbozi, jioni safari hii. Mwambieni yule dada arudie dawa na amwone daktari wake upesi. Namba yangu nimeiandika nyuma ya bahasha, mpeni. Apige kabla ya saa nane mchana. Baada ya hapo hatanielewa ninachosema.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Njombe