Kwa nini hatupokei maji ya kisima kwenye chupa ya soda

Wateja wengi wa Kigamboni, Mbagala na Chanika wakishachimba kisima hutujia na maji kwenye chupa ya soda: "Nipimieni, nijue kama yanafaa kunywa." Tunawarudisha nayo, na wengine huondoka wamenuna. Si jeuri. Chupa ile imeshapita mdomoni mwa mtu, ikasuuzwa juujuu, ikapigwa jua ndani ya daladala. Tukikuta vimelea vya kinyesi hatutajua vimetoka kisimani au kwenye chupa. Tusipovikuta napo pana mashaka, huenda vimefia njiani. Utakuwa umelipia jibu lisilokwambia kitu.

Ndiyo maana tunakuja wenyewe. Fundi wetu hutafuta koki iliyo karibu na pampu, kabla maji hayajapanda kwenye simtanki. Huisugua, huichoma kwa moto wa spiriti kama ni ya chuma, kisha huacha maji yatiririke dakika kadhaa. Chupa yake imeshasafishwa maabara kwa mvuke, na ndani ina dawa kidogo ya kuvunja nguvu ya klorini, kwa hiyo usishangae asipoisuuza. Hujaza akiacha nafasi juu, hagusi mdomo wa chupa kwa kidole, anafunga, na moja kwa moja kwenye kasha la barafu. Tunajitahidi ifike maabara ndani ya saa 6. Zikipita 24, tunamwaga na kuanza upya.

Kama una simtanki, chupa ya pili hujazwa jikoni. Mara nyingi kisima hakina kosa lolote: mfuniko wa tanki ulishachukuliwa na upepo, na mjusi ameozea humo.

Majibu ya vimelea hayatoki siku hiyohiyo. Bakteria lazima wakae kwenye joto hadi kesho yake ndipo waonekane, na kinachokubalika ni sifuri ya E. coli, bakteria wa kinyesi, katika mililita 100. Sasa yule muuza machujio anayechovya kalamu ya umeme kwenye glasi yako na kutoa hukumu palepale, amepima nini? Chumvi zilizoyeyuka, basi. Maji yenye kinyesi yanaweza kusomeka vizuri tu kwenye kalamu ile.

Kipimo kingine tunachosisitiza mjini ni nitrati, kemikali inayotokana na kinyesi na mkojo vikioza ardhini. Viwanja ni vidogo, choo cha shimo cha jirani kiko nyuma ya ukuta, na mchanga wetu haushiki kitu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya vichanga wanaokorogewa maziwa ya kopo. Nitrati ikizidi, damu ya mtoto hushindwa kubeba oksijeni, midomo na kucha zikageuka rangi ya bluu. Na hapa kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua sufuriani, nitrati inabaki palepale na kuzidi kukolea.

Chumvi haihitaji maabara, ulimi unatosha. Ila kisima cha karibu na bahari kikianza kuwa na chumvi, punguza kuvuta maji, maana pampu ndiyo inayoyaita ya bahari. Wenye visima Arusha na Meru waanze na floraidi, kikomo miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia ya kule yanatokana nayo.

Tukikuta vimelea, tunatibu kisima kwa klorini na kupima tena baada ya dawa kuisha kabisa kwenye maji. Anayepima kesho yake anapima klorini, si kisima. Na kama choo kiko hatua chache kutoka kisimani, tutakwambia mapema kwamba tiba hiyo haitadumu. Maji ya kunywa uendelee kuyachemsha.

Sampuli tunachukua asubuhi, Jumatatu hadi Alhamisi. Wakati mzuri ni masika yakiwa yamekolea, maana ndipo uchafu wa juu unaposhuka kisimani. Ukishapanga siku nasi, usitie klorini mpaka tuje.