Mjomba hataki tumtafute bibi yetu. Nifanyeje?

Assalaamu alaykum mhariri, na wasomaji wenzangu,

Mimi ni mama wa makamo, mzaliwa wa Pemba. Naomba mnishauri juu ya jambo linalotugawa nyumbani.

Kwa upande wa mama, nasaba ya wanaume twaijua mpaka Oman. Lakini bibi aliyemzaa babu yetu hana hata mstari mmoja. Hakuolewa, alikuwa suria, yaani mtumwa aliyewekwa na bwana wake kama mke. Mama yangu, ambaye sasa ana zaidi ya miaka 80, alimwahi akiwa mtoto. Anasema bibi alikuwa na tundu kwenye mdomo wa juu, limeziba nusu, na akiingia mgeni huvuta kanga akalifunika. Hilo ni tundu la ndonya, pambo linalovaliwa mdomoni. Basi alitoka kusini, kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao au watu wa Ziwa Nyasa, na yumkini alipitishwa Kilwa. Biashara ya watumwa baharini ilikuwa imepigwa marufuku tangu 1873, ila kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja kikaisaza ya Pemba. Mashamba ya huku yakataka watu, na majahazi yakawaleta kwa magendo.

Mjomba, kaka yake mama, ndiye mwenye karatasi ya mirathi ya bwana wake bibi, ya mwaka 1331 Hijria, yaani kama 1913. Aliwahi kunionyesha. Wake wametajwa wao na baba zao, mikarafuu imehesabiwa shamba kwa shamba, na babu yetu yumo kati ya watoto. Bibi hayumo. Kisharia, suria aliyemzalia bwana huwa huru bwana akifa, lakini harithi. Mama anakumbuka akisuka mikeka, na msimu ukifika akichambua karafuu kwenye makonyo katika baraza za watu, kwa ujira.

Nimeanza kuulizia Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja. Amri ya 1897 ilimruhusu mtumwa aende mahakamani kudai uhuru wake, na majina yakaandikwa. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909, na babu alizaliwa kabla ya hapo, kwa hiyo sidhani kama nitamkuta bibi kwenye orodha hizo. Tumaini langu ni mafaili ya mirathi ya Pemba, pengine kuna shahidi au mdai aliyemtaja. Ila bila jina la yule bwana kama lilivyoandikwa kwenye karatasi, na tarehe yake kamili, nitapekua nini? Na mjomba hataki tena kuitoa.

Anasema watu watatuita wajukuu wa mtumwa na mabinti zetu watakosa wachumba. Simdharau. Alitukanwa hivyo utotoni, mbele ya wenzake, na mpaka leo akisimulia sauti humtetemeka. Anaogopa pia majirani watatuchokoza juu ya shamba. Hapo ndipo simwelewi, kwa sababu mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake hurithi sawasawa na watoto wa wake. Babu alipata fungu lake kwa haki, na karatasi yenyewe ndiyo ushahidi.

Mama naye ananisihi niendelee. Jina tunalomwita bibi alipewa na bwana wake, na mama anataka, akijaaliwa, amsomee hitma akijua alikuwa mtoto wa nani na wa wapi. Mimi nadhani ana haki hiyo kuliko sisi sote.

Je, nimpeleke mjomba kwa sheikh anayemheshimu, au nikae naye peke yangu kwanza? Nikienda Unguja bila ridhaa yake, nitakuwa nimemvunjia heshima? Na ninyi mliokwisha kuwatafuta bibi zenu, mlianzia kwenye faili gani mkakuta jina la mwanamke? Mama kumbukumbu zimeanza kumpotea, tafadhali msichelewe kunijibu.

Mjukuu wake,
Chake Chake