Mhariri, tuache kutupa meseji za makosa shimoni

Mhariri naomba kanafasi, najua barua nyingi huku ni za barabara na maji ila na sisi mafundi kompyuta tuna vilio vyetu.

Natunza mashine za maduka madogo hapa Mwanza. Juzi duka moja la vipuri kompyuta ikafa, mwenye duka wala hana presha, ananiambia fundi usihangaike bakapu (nakala ya akiba ya data) inajichukua kila usiku kwenye diski ya nje. Kweli faili lilikuwepo, tarehe ya leo, saa nane usiku, ukubwa sifuri. Sifuri kabisa!

Nafungua skripti (faili la amri za kuchukua hiyo bakapu) ya fundi aliyepita, mwisho wa mstari kaandika > bakapu.sql 2>/dev/null. Kwa wasiojua, programu ina milango miwili ya kutolea maneno, namba 1 ya majibu na namba 2 ya makosa, na hiyo /dev/null ni shimo, kikiingia ndo basi. Paswedi ya databesi ilishabadilishwa, kila usiku programu inalia imekataliwa kuingia na kilio kinaishia shimoni. Mbaya zaidi hiyo alama > ya kupeleka majibu kwenye faili, sheli (siyo ile ya mafuta, ni programu inayopokea amri unazoandika) inaishughulikia kabla programu haijaanza, inalisafisha faili kwanza, kwa hiyo hata bakapu nzima ya mwisho ilifutika usiku uleule paswedi ilipogoma. Sasa hivi tunajaza mauzo upya kutoka vitabu vya risiti.

Na huo mlango wa 2 haukuja hivihivi. Wazee waliotengeneza Unix, mfumo wa kompyuta zilikotoka amri hizi, pale maabara ya Bell Labs Marekani miaka ya 1970 walikuwa wanachapa maandishi kwa mashine inayotumia karatasi ya kusafishwa kama picha, unapitisha karatasi kwenye dawa inanuka balaa halafu unakuta mstari mmoja tu umechapwa kwa herufi safi, eti faili halifunguki. Wakalalamika weee mpaka makosa yakapewa njia yake.

Ndo maana nawaomba mnaofundisha kozi fupi, msiwakaririshe vijana hiyo 2>/dev/null, wafundisheni 2>> makosa.log, yaani makosa yaongezwe kwenye faili la kusoma baadaye. Na wakitaka majibu na makosa yote faili moja ni > kazi.log 2>&1, yaani mlango wa 2 uelekee unakoelekea wa 1, wakianza na 2>&1 makosa yanabaki kwenye skrini maana sheli inasoma kuanzia kushoto.

Lile duka nimeshaweka faili lenye tarehe kwenye jina, na mwenye duka kila asubuhi anaangalia makosa.log kabla hajafungua shata.

Fundi kompyuta, Mwanza