Kwa shoga yangu, kuhusu Jaji Page

Minneapolis, Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Salamu sana. Barua yako niliisoma ndani ya basi nikitoka zamu ya usiku, nikairudia, mpaka nikapitilizwa kituo. Umeniuliza huyo Page ambaye shule ya mwanangu inaitwa kwa jina lake ni nani, na vipi huku jaji anapigiwa kura kama gavana. Nimeshatia chai, watoto wamelala, nakujibu.

Alan Page alizaliwa Canton, Ohio, mwaka 1945. Watu walimjua kwanza kwa mpira wa Kimarekani, ule wa kugongana vifua. Aliingia Minnesota Vikings mwaka 1967 akacheza safu ya ulinzi, na mwaka 1971 akawa mchezaji bora wa ligi nzima, heshima ambayo hakuna mlinzi aliyewahi kuipata kabla yake. Ukitazama picha zake za ujaji, na joho jeusi na tai ya kipepeo, macho yako yatakwenda mkononi. Kidole chake cha mwisho kimekwenda upande kabisa, kama tawi lililovunjika likajiunga vibaya. Kiliteguka uwanjani mara kwa mara hata kikabaki hivyo.

Sheria aliisoma huku akicheza. Alimaliza Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1978, na mwaka huohuo Vikings wakamwacha, kwa sababu alikuwa ameanza kukimbia mbio ndefu na mwili umepungua. Akahamia Chicago Bears mpaka 1981. Nawe unaniandikia kwamba umeanza sheria na miaka thelathini na minane na darasani wanakuita anti! Page aliingia Mahakama ya Juu ya Minnesota akiwa na miaka 47.

Sasa hiyo kura. Majaji wa mahakama hiyo ni saba, kama wetu wa Nairobi, na wanastaafu wakifika sabini, kama wetu pia. Katiba ya jimbo inasema wananchi wawachague kwa muhula wa miaka sita, nao hugombea bila chama. Ila jaji akiondoka kabla muhula haujaisha, gavana ndiye anayejaza nafasi, na wengi huondoka hivyo. Mwananchi anafika kwenye sanduku la kura mtu ameshakalia kiti zamani.

Mwaka 1992 Page alikuwa wakili katika ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, na alikitaka kiti kimoja ambacho muhula wake ulikuwa unaisha. Gavana akamwongezea muda jaji aliyekuwepo ili afikie pensheni kamili, na uchaguzi wa kiti hicho ukawa haupo. Page akaenda mahakamani. Kesi ilikuwa inahusu mahakama ileile, kwa hiyo majaji wake wakajitoa na jopo maalumu likaketi mahali pao. Jopo likaamua kiti kipigiwe kura. Akagombea akashinda, na Januari 1993 akawa Mweusi wa kwanza kuketi pale.

Shoga, mimi hapo ndipo ninapomheshimu zaidi kuliko kwa mpira wote ule. Alidai uchaguzi ambao angeweza kuushindwa. Na aliudai waziwazi, kwa hati ya madai, kwenye mlango wa nyumba aliyotaka kuingia. Wananchi walimrudisha 1998, 2004 na 2010.

Wewe unayependa kesi za uchaguzi, tafuta ile ya kiti cha Minnesota katika Seneti ya Marekani, baina ya Al Franken na Norm Coleman. Kura zilipigwa Novemba 2008, tofauti ikaishia kura 312. Jaji Mkuu wa jimbo alikuwa kwenye bodi iliyosimamia kuhesabu upya, akajiweka kando, ikawa Page ndiye aliyeteua majaji watatu wa kuisikiliza kesi. Rufaa ikaamuliwa 30 Juni 2009, majaji watano walioketi kwa kauli moja. Karibu miezi minane! Sisi Mahakama ya Juu yetu inapewa siku kumi na nne kwa kesi ya urais. Nikikumbuka mwaka 2017 tulivyokuwa tumekodoa macho kwenye televisheni kwenu, sijui tungeistahimili miezi minane.

Lingine ni elimu. Amewahi kusimulia kwamba kwenye kikao cha Vikings kocha aliwataka wachezaji wasome kwa sauti kitabu cha mbinu, na baadhi ya wenzake, watu waliopita chuo kikuu, wakashindwa. Mwaka 1988, yeye na mkewe Diane wakaanzisha mfuko wa kusomesha vijana wasio Wazungu, kwa sharti kwamba kila anayefadhiliwa naye akasaidie watoto wadogo kwenye masomo. Mwaka huohuo aliingizwa kwenye jumba la magwiji wa mpira huko Canton, na wa kumtambulisha akamchagua mkuu wa shule moja ya Minneapolis, Willarene Beasley.

Alistaafu 2015. Shule ya mwanangu ilikuwa na jina la Alexander Ramsey, gavana aliyetaka Wasioux, wenyeji wa asili wa huku, waangamizwe au wafukuzwe jimboni mwaka 1862. Wanafunzi wenyewe walidai libadilishwe, na tangu 2017 ni Justice Page. Kwa hiyo kila asubuhi mwanangu anavaa fulana yenye neno "Jaji" kifuani, akikimbilia basi na mkate mdomoni.

Mtihani wako wa sheria ya katiba ni lini? Niandikie tarehe, nijue usiku gani nikuombee.

Wako wa siku zote.