Barua kwa wabunge wapya: anayemtetea waziri amemdhamini

Wanangu mlioapa Dodoma kwa mara ya kwanza,

Salaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo kwa wenzetu wa upande huo. Mimi ni mstaafu, naishi Magomeni. Sijawahi kugombea hata ujumbe wa nyumba kumi. Nawaandikia kwa sababu siku moja, na haitachelewa, kiongozi wa nchi atasimama mbele ya umma kumtetea waziri anayelalamikiwa, na ninyi mtatazamana kuona nani aanze kupiga makofi.

Mwaka 1989 nilimdhamini mwenzangu wa ofisini kwenye chama cha kuweka na kukopa. Mtu mpole, tukila naye sahani moja. Baadaye akaacha kazi, hakuonekana tena. Mwisho wa mwezi nikafungua bahasha ya mshahara, nikakuta makato nisiyoyajua. Nikaenda kwa mhasibu nimefura. Yule bwana hakunijibu kwa hasira. Alitoa fomu kwenye faili, akaweka kidole juu ya saini yangu, akanyamaza. Nililipa miezi kumi na minne, na wakati huo mama watoto alikuwa na kichanga mkononi.

Sasa, huko bungeni kila siku mnasema "waziri mwenye dhamana". Litazameni neno lenyewe. Waziri kapewa dhamana, na siku Rais anapomsimamia akasema huyu hana tatizo, Rais ametia saini ile fomu. Deni lolote litakalotokea baada ya hapo ni lake pia.

Mnalikumbuka sakata la Escrow, yaani akaunti ya kushikilia fedha zinazogombaniwa, ingawa wengine mlikuwa bado shule. Akaunti ilifunguliwa Benki Kuu mwaka 2006 kwa sababu TANESCO na IPTL, kampuni binafsi ya kufua umeme, walikuwa wakigombania malipo ya umeme. Mwishoni mwa 2013 fedha zikatoka, na mwaka uliofuata CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, akakagua, na PAC, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe ikaleta taarifa bungeni. Zilitajwa shilingi zaidi ya bilioni 300. Mjadala wa Novemba 2014 ulikwenda mpaka usiku. Wabunge wa chama tawala na wa upinzani walivutana, lakini maazimio yakapita.

Kisha Desemba 22 Rais Kikwete akazungumza na wazee wa Dar es Salaam. Sisi tusiokuwa ukumbini tulimsikiliza barazani kwa redio ya betri. Alieleza kwa kirefu sana fedha zile zilikuwa za nani. Akatangaza kwamba Profesa Tibaijuka, Waziri wa Ardhi, aondoke, yeye aliyekwisha kusema kuwa fedha alizopokea katika sakata hilo zilikuwa mchango wa shule. Kuhusu Profesa Muhongo wa Nishati na Madini, uamuzi ukasubiri, na magazeti yakaandika kwamba amewekwa kiporo. Jirani yangu akauliza, kiporo mpaka lini, na joto hili la Desemba? Ilikuwa mpaka Januari 2015, alipojiuzulu mwenyewe. Kabla mwaka haujaisha alirudishwa wizara ileile na Rais Magufuli, na Mei 2017 akaondolewa katika sakata la makinikia, ule mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje.

Sisemi alikuwa na hatia, hakuna mahakama iliyosema hivyo. Wala sisemi kila waziri anayepigiwa kelele afukuzwe, maana watu husingiziwa, na kiongozi anayemtupa msaidizi wake ili apate usingizi hana tofauti na anayemficha mwizi. Ninachouliza ni hiki: katika kuondoka na kurudi kote huko, nani aliwahi kutuwekea mezani sababu za kuaminiwa upya? Saini ilikuwepo, hakuna aliyeifungulia faili.

Katiba yetu haiwapi uwezo wa kumwondoa waziri mmoja mmoja. Mnaweza kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, lakini kwa waziri mnaishia kuishauri mamlaka ya uteuzi. Ndiyo maana neno la Rais la kumtetea mtu lina uzito kuliko azimio lenu, na ndiyo maana mnapaswa kulifuatilia. Alhamisi mna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Ulizeni: Rais alipomtetea waziri huyu, ripoti ya CAG alikuwa amekwisha kuisoma? Nani amechunguza, na atamaliza lini? Akikutwa na kosa, aliyemtetea atatuambia nini? Ulizeni kwa adabu, jibu liingie kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na mrudi nalo kikao kinachofuata. Mkiitwa kwenye kamati ya wabunge wa chama mkaambiwa mfunike, kumbukeni aliyewatuma ni nani.

Nimeishi kuona mambo yakifanywa vingine. Watuhumiwa walipofia mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga katikati ya miaka ya sabini, Mzee Mwinyi, Mungu amrehemu, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakumgusa mtu kwa mkono wake. Alijiuzulu, na Mwalimu akamwacha aende. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, 1985 Rais wa Muungano. Mwambieni habari hiyo waziri atakayewajia usiku akiomba mumnusuru.

Ile fomu ya 1989 mhasibu alinipa nilipomaliza deni. Ninayo bado sandukuni. Anayetaka kuiona aje Magomeni, Alhamisi yoyote baada ya kipindi cha maswali. Nitakuwa barazani na redio.

Mzee wenu,
Magomeni, Dar es Salaam