YAH: SIMU ZA WATOTO WAKATI WA LIKIZO

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Salaam. Muhula wa kwanza tumeumaliza salama. Ripoti ya mtoto wako amekabidhiwa leo. Tarehe ya kufungua shule na mchango wa chakula vimo humo, sitavirudia. Nakuandikia kuhusu usiku.

Tangu tulipotoka mapumziko ya Pasaka, walimu wa darasa wananiletea habari ileile: vipindi vya asubuhi watoto wanasinzia, hasa Kidato cha Pili na cha Tatu. Tuliwauliza kwanza kuhusu usafiri, maana wapo wanaoamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala. Wengi wakasema wenyewe: kifurushi cha usiku ni cha bei rahisi, basi wanasubiri nyumba ilale. Mtoto wa umri huu anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Aliyezima simu saa tisa usiku akaamshwa saa kumi na moja, hata mwalimu awe hodari vipi, hesabu za kipindi cha kwanza hazimwingii.

Hata hivyo, neno uraibu tusilitumie ovyo. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 2019 orodha mpya ya magonjwa yenye uraibu wa magemu, ikaanza kutumika 2022, na vigezo vyake ni vikali: mtu ameshindwa kujizuia, gemu limetangulia mambo mengine yote, anaendelea ijapokuwa anaona madhara, na kwa kawaida hali hiyo imedumu miezi 12. Mtoto anayecheka na video za TikTok jioni si mgonjwa, na tafadhali asiitwe teja mbele ya wadogo zake. Ila akiacha kula na wenzake, akaacha mpira alioupenda, akawa anataka kupigana ukimchukulia simu, njoo umwone mwalimu wa ushauri nasaha. Usisubiri mitihani ya Novemba.

Wapo wazazi waliovunja simu kwa hasira. Nawaelewa, lakini mtoto ataazima ya rafiki, na hapo hutajua anaangalia nini. Programu hizi zimetengenezwa zisiwe na mwisho; video moja ikiisha, nyingine inaanza yenyewe. Mtu mzima mwenye kazi asubuhi inamshinda, sembuse mtoto wa miaka 15.

Ninachoomba ni hiki: saa tatu usiku simu zote za nyumbani ziwekwe chumbani kwako. Nikisema zote, na yako imo. Baba akikesha na simu hadi saa saba, asishangae mwanawe akimfuata. Mchana mpe kazi, mpe na muda wa kuchezea simu unaojulikana, kisha usiubadilishe kila siku kwa sababu umechoka kubishana.

Kumbuka pia kwamba laini anayotumia imesajiliwa kwa alama za vidole vya mtu mzima, mara nyingi wewe. Picha ya mwenzake ikisambazwa kwenye kundi la WhatsApp kutoka namba hiyo, atakayetafutwa kwanza ni mwenye laini.

Shuleni simu bado haziruhusiwi. Mwenye jambo la kuzungumza, ofisi iko wazi hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri.

Wako katika malezi,

Mkuu wa Shule